MSHTAKIWA SI MFUNGWA

Ndugu Wafanya Kazi,

Safari hii hatuna neno la mishahara wala la nyumba. Tunalo neno jingine, ambalo watu hulinyamazia mpaka siku linapobisha mlangoni kwao. Ni habari ya mtu aliyeshtakiwa kortini: haki zake ni zipi, na kazi yake ni ipi anaposimama mbele ya hakimu.

Twalileta neno hili kwa sababu sisi wa reli hushika mali nyingi isiyo yetu. Twashika chuma, dizeli, shehena za watu, funguo za bohari na vitabu vya risiti. Kitu kikipotea, mkono wa kwanza kutazamwa ni wa mfanya kazi. Sheria ya jinai ya Kenya inalo kosa lake mbali, wizi wa mtumishi kumwibia mwajiri wake, na adhabu yake hufika miaka 7. Wizi wa kawaida ni miaka 3 tu. Basi ni wazi kwamba mfanya kazi akishtakiwa, mzigo wake ni mzito kuliko wa mtu wa njiani. Yampasa ajue njia kabla ya kuanza safari.

Tumesikia wenzetu wengi wakisema, “Mnyonge hana haki.” Methali hiyo ni ya kweli mahali ambapo mnyonge hajui lililo lake. Lakini katika nchi yetu haki za mshtakiwa zimeandikwa. Zimo katika Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti mwaka 2010, kifungu cha 49 kwa mtu aliyekamatwa na kifungu cha 50 kwa mtu aliye kortini. Tena kifungu cha 25 chasema haki ya kusikizwa kesi kwa usawa haiwezi kupunguzwa na mtu ye yote wala na sheria yo yote. Haki iliyoandikwa ni kama tikiti: hukufikisha ukiwa nayo mkononi, si ikiwa imebaki sandukuni.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Watu wa Kitale na Bungoma hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kesi kubwa kuliko zote katika historia ya Kenya ilisikizwa karibu nasi, Kapenguria, kilomita kama 40 kupita Kitale.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wengi. Sita kati yao wakashtakiwa kwa kuongoza Mau Mau: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Wafanya kazi wasisahau kwamba Kubai na Kaggia walikuwa watu wa vyama vya wafanya kazi kabla ya kesi hiyo. Kesi haikuwekwa Nairobi, mahali penye mawakili, magazeti na watu. Iliwekwa Kapenguria, katika nyumba ya shule. Reli ilikoma Kitale. Mawakili wa utetezi walilazimika kukaa Kitale na kwenda na kurudi kwa gari. Aliyehukumu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekuwa amekwisha kustaafu, ambaye mwaka 1950 alikuwa ameisikiliza habari ya Makhan Singh wa chama cha wafanya kazi, kabla Gavana hajamzuia.

Sasa tazameni jinsi wale sita walivyofanya. Hawakunyamaza kwa hofu, wala hawakusema, “Korti ni yao, tutafanya nini?” Walikana mashtaka. Walitafuta mawakili, nao wakaja kutoka pande nyingi: D. N. Pritt kutoka Uingereza, H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson Mjamaika, Chaman Lall kutoka India, na wa hapa hapa Kenya kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Waliwahoji mashahidi. Kenyatta mwenyewe alisimama akatoa ushahidi wake siku nyingi na akahojiwa na mwendesha mashtaka. Hata wakili wao Pritt akashtakiwa kwa kuidharau korti, kwa sababu ya simu ya maandishi aliyopeleka Uingereza kulalamika, naye akashinda.

Tarehe 8 Aprili 1953 Thacker aliwapata wote na hatia, akawapa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Wakakata rufani. Mwaka 1953 Korti Kuu ilisema Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiza kesi mahali pale, lakini Korti ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ikaligeuza neno hilo. Mwanzo wa 1954 Oneko alishinda rufani yake, walakini hakwenda nyumbani, aliwekwa kizuizini. Na mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa Serikali, aliapa kwa maandishi kwamba alidanganya kortini, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Kwa kiapo hicho alishtakiwa yeye, akafungwa.

Wazee husema kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Kapenguria ilipelekwa. Lakini hata hapo, kwa kuwa wale sita walishika kila haki waliyoachiwa, maneno yao yaliandikwa, uongo wa shahidi ukapata mahali pa kujulikana, na dunia ikajua. Tulinganishe na Makhan Singh. Yeye alizuiliwa kwa amri ya Gavana tangu 1950 mpaka 1961, Lokitaung na mahali pengine, bila hukumu ya korti ya kumfunga miaka hiyo yote. Mtu asiyepelekwa kortini hana hata shahidi wa kumwuliza swali. Basi tusiidharau nafasi ya mshtakiwa. Ni nafasi ngumu, lakini ni nafasi ya kusema.

MAANA YA NENO MSHTAKIWA

Katiba yasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka korti ithibitishe kinyume. Maana yake ni hii: kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka. Nao yawapasa wathibitishe hata isibaki shaka yenye maana. Mshtakiwa hadaiwi kuonyesha kwamba hakuiba. Wao ndio wanaodaiwa kuonyesha kwamba aliiba.

Sisi wa reli twaelewa jambo hili kwa urahisi. Mabehewa hufika pamoja kwa sababu kila kiungo kimeshika. Kitu kilipotea, kilikuwa cha mwajiri, kilichukuliwa na mtu huyu, alikichukua akijua hana ruhusa. Kiungo kimoja kikiachana, yaliyo nyuma yake hubaki njiani. Kazi ya mshtakiwa kortini ni kukagua viungo hivyo kimoja kimoja, kama vile mkaguzi apitavyo na nyundo yake kabla gari halijaondoka. Mshtakiwa anayekaa kizimbani kama mtazamaji ameacha kazi yake.

YA KUSHIKA TANGU MWANZO MPAKA MWISHO

1. Ukikamatwa. Una haki ya kuambiwa upesi, kwa lugha unayoifahamu, sababu ya kukamatwa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili, na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Usipigane na askari, wala usikimbie. Ukifanya hivyo waongeza shtaka la pili. Taja jina lako, uliza sababu, na umwombe mwenzako aende kituoni akaulize kama umeandikwa katika kile kitabu wanachokiita OB, na nambari ni ipi.

2. Saa 24. Yapasa ufikishwe kortini kabla saa 24 hazijapita. Saa hizo zikimalizika wakati korti imefungwa, basi ni siku ya korti inayofuata. Hapa ndipo penye shida ya Ijumaa tunayoijua sote: mtu hukamatwa Ijumaa jioni, akakaa seli mpaka Jumatatu. Lakini jueni kwamba polisi nao wanaweza kukutoa kwa dhamana kabla ya korti. Dhamana hiyo haiuzwi. Ukiambiwa uweke fedha, dai risiti, na risiti itaje jina lako na kiasi.

3. Kukiri. Hakuna mtu awezaye kukulazimisha kukiri. Tena kwa sheria ya ushahidi, ukiri wa nje ya korti haukubaliwi ovyo. Yapasa uwe mbele ya jaji au hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria, ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu uliyemchagua mwenyewe awepo. Karatasi usiyoisoma ukaielewa usiitie sahihi wala kidole. Hili ni la mkubwa wa kazi pia, si la polisi peke yao. Barua ya “kuomba msamaha” iliyoandikwa ofisini kwa haraka yaweza kusafiri mpaka kortini.

4. Lugha. Katika korti za mahakimu lugha ni Kiingereza au Kiswahili; katika Mahakama Kuu ni Kiingereza. Lakini Katiba yakupa mkalimani bila malipo kama huifahamu lugha inayotumika. Bungoma na Kitale wapo Wabukusu, Wateso, Wasabaoti, Waturkana na wengine wengi. Mtu aweza kuzungumza Kiswahili cha sokoni vizuri sana, walakini Kiswahili cha mashtaka kikampita. Hakuna aibu kusema, “Mheshimiwa, naomba lugha yangu.” Aibu ni kufungwa kwa maneno ambayo hukuyasikia.

5. Dhamana. Una haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kuna sababu nzito ya kukuzuia, kama hofu kwamba utatoroka au utawatisha mashahidi. Tena kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichopita miezi 6, hakuna ruhusa ya kukuweka rumande. Kama masharti yamekushinda, una haki ya kurudi na kuomba yapunguzwe. Fedha taslimu za dhamana si faini. Kesi ikiisha nawe ulikuwa ukihudhuria, hurudishwa, hata kama umepatikana na hatia.

6. Kujitayarisha. Una haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautumia. Omba nakala za maandishi ya mashahidi, na orodha ya vitu watakavyoleta. Ukiambiwa uanze kesi nawe hukupewa, simama useme hujapewa. Soma, au usomewe na mtu unayemwamini. Andika pembeni: huyu alisema saa mbili, yule alisema saa nne, huyu asema chuma kilikuwa kipya, yule asema kilikuwa kikuukuu.

7. Kuhoji mashahidi. Wakati huu ni wa maswali. Wenzetu wengi hupotea hapa. Shahidi akisema uongo, mshtakiwa hukasirika akaanza hotuba, hakimu humkatiza, naye hukaa chini bila kuuliza swali hata moja. Swali fupi lina nguvu: “Uliniona kwa macho yako?” “Nani alikuwa na ufunguo wa pili?” “Kitabu cha bohari cha siku hiyo kiko wapi?” “Hayo unayoyasema leo, uliyaandika kituoni?” Hotuba yako ina wakati wake, nao ni baadaye.

8. Kujitetea. Upande wa mashtaka ukimaliza, hakimu huamua kama kuna neno la kujibu. Kama hakuna, huachiliwa papo hapo. Kama lipo, mshtakiwa ana njia tatu. Aweza kuapa na kutoa ushahidi, naye atahojiwa. Aweza kusema bila kuapa, wala hatahojiwa, ingawa maneno ya namna hiyo huwa mepesi kwenye mizani. Aweza kunyamaza. Katika njia zote tatu ana ruhusa ya kuita mashahidi wake. Karani wa zamu, mlinzi wa lango, mwenzako wa gengi: waombe mapema, wala usingoje siku yenyewe.

9. Hukumu na rufani. Ukipatikana na hatia, sema habari za kukupunguzia adhabu: miaka ya kazi, watoto, kwamba ni kosa la kwanza. Siku ulizokaa rumande yapasa zihesabiwe katika kifungo. Kutoka kwa hakimu, rufani huenda Mahakama Kuu, nayo iko Bungoma na Kitale pia. Siku za kukata rufani ni 14. Hesabuni vizuri, ndugu: siku 14, si mwezi.

10. Wajibu wako. Haki zina jirani yake. Fika kila tarehe, tena mapema. Usipofika, waranti hutoka, na mdhamini wako hulipa kwa mali yake. Usimfuate shahidi nyumbani kwake. Usimpe mtu chai ili faili ipotee. Anayechukua yako leo atachukua ya mwenzako kesho dhidi yako, na wewe umejifungulia kesi nyingine.

NENO “NI KWELI”

Tumeliweka mbali neno moja, kwa sababu limewafunga watu wengi kuliko mashahidi wote. Ni jibu la siku ya kwanza.

Mwenzetu mmoja wa gengi, ambaye hatumtaji yeye wala kituo chake, alikutwa nyumbani na vipande vya chuma na bolti chache kuukuu. Alipewa na mkubwa wake wa kazi azitumie kufungia mlango wa banda la kuku. Alikaa seli siku tatu. Humo ndani mtu akamwambia, “Sema ni kweli. Utapigwa faini kidogo, jioni uko kwa watoto.” Shtaka liliposomwa akasema, “Ni kweli.” Maelezo ya kesi yaliposomwa, akaulizwa mara ya pili, akasema tena, “Ni kweli.” Moyoni mwake alikuwa akikubali kwamba chuma kilikuwa kwake. Katika kitabu cha hakimu aliandikwa amekubali kuiba. Alipata mwaka mmoja. Kazi ikaenda, na watoto wawili wakatoka shule.

Sheria yasema mtu aliyekubali kosa mwenyewe hana rufani juu ya hatia. Hubaki na rufani juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Ndugu yetu alifunga mlango huo kwa maneno mawili.

Lakini sheria hiyo hiyo ina kinga yake. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, iliyoamuliwa na Korti ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, utaratibu ni huu. Shtaka na kila sehemu yake husomwa na kuelezwa kwa lugha anayoijua mshtakiwa. Jibu lake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Akikubali, maelezo ya kesi husomwa, naye hupewa nafasi ya kuyapinga, kuyaeleza au kuongeza. Kama maneno yake yanapingana na shtaka, yapasa aandikwe amekana, na mashahidi waitwe.

Basi yule wa gengi angesema neno lake lote: “Vilikuwa kwangu, lakini nilipewa na mkubwa wangu.” Hilo si kukubali wizi. Hilo ni kukana, na hakimu anayefuata sheria huliandika hivyo. Ndugu, msiliache neno “lakini” seli. Nendeni nalo mpaka kizimbani.

Hatusemi kwamba mtu aliyekosa adanganye. Aliyeiba kweli, akaona vema akubali, na akubali. Korti huweza kumhurumia. Twasema kila mtu ajue anachokikubali.

SIKU 14 ZA MFANYA KAZI

Hapa twafika mahali ambapo kesi ya korti na kesi ya mkate hukutana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yataja sababu za kumfukuza mtu mara moja. Moja yake ni hii: mfanya kazi amekamatwa kwa kosa lenye adhabu ya kifungo, na siku 14 zimepita bila yeye kuachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine ya halali.

Angalieni jambo hili vizuri. Mtu hajahukumiwa. Katiba yasema hana hatia. Lakini kwa kukosa mdhamini, au kwa kukosa shilingi za kuweka, siku ya 15 mwajiri ana sababu ya kumwondoa kazini. Aliye na shamba lenye hati hutoka siku ya kwanza, hurudi kazini. Asiye na kitu hupoteza kazi kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Kosa ni lile lile, na shtaka ni lile lile. Kilichowatofautisha ni mali.

Yako mengine mawili ya kushika. La kwanza: kabla ya kufukuza, mwajiri hudaiwa kumsikiliza mfanya kazi, na kifungu cha 41 chakupa haki ya kuwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama mahali pa kazi katika kikao hicho. Msiende peke yenu. La pili: kushinda kortini si lazima kurudishwa kazini, kwa maana kesi ya jinai na nidhamu ya kazi ni njia mbili. Na wakati wa kudai kufukuzwa bila haki ni miaka 3, nayo huhesabiwa tangu siku uliyofukuzwa, si tangu siku uliyoshinda kesi. Wako watu waliongoja kesi ya jinai iishe, ikachukua miaka, wakaja kudai wakakuta mlango umefungwa. Pelekeni dai mapema, hata kama kesi nyingine inaendelea.

WANAOSEMA TUNAWALINDA WEZI

Tunajua maneno yatakayosemwa. Watasema chama kimekuwa kimbilio la wezi. Sisi hatuwapendi wezi. Mtu anayeng'oa bolti na vyuma vya njia kuviuza kwa uzani anahatarisha roho ya dereva, ya gadi, ya abiria na ya wale wanaokaa kando ya reli. Anayeiba dizeli anaiba mshahara wetu. Afungwe aliyefanya.

Lakini tunauliza: akifungwa asiyefanya, aliyefanya yuko wapi? Yuko kazini bado, ana funguo, na sasa amejua kwamba mtu mwingine hulipa deni lake. Kesi iliyohojiwa vizuri ndiyo inayomfikia mwizi wa kweli, ambaye mara nyingi si mtu wa gengi mwenye bolti nne, bali ni yule anayetia sahihi ya shehena nzima. Haki za mshtakiwa hazimfichi mwizi. Zinamzuia mwizi asijifiche nyuma ya mtu maskini.

Tena, anayekataa haki hizi leo hukataa akiwa nje. Hakuna mtu aliyepanga siku ya kushtakiwa.

YATUPASA KUFANYA NINI

Hatuandiki ili watu wasikitike. Twaleta mapendekezo manne mbele ya mkutano wa tawi, yajadiliwe na kupigiwa kura.

Kwanza, tawi liwe na daftari ya wadhamini. Wanachama kumi au kumi na watano wenye hati ya shamba au mali nyingine inayokubaliwa, walio tayari kumdhamini mwenzao. Majina yajulikane kabla ya shida.

Pili, kuwe na mfuko wa dhamana, mbali na mfuko wa mazishi. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha zitolewe kama mkopo, na zikirudishwa na korti zirudi mfukoni. Anayetoroka dhamana atadaiwa, na hatapata tena. Kwa njia hii mfuko hauli fedha za wanachama; huzizungusha.

Tatu, kila tarehe ya kesi ya mwanachama, mtu mmoja wa tawi aende akakae kortini. Kesi husikizwa hadharani, na kila mtu ana ruhusa ya kuingia na kusikiliza kwa heshima. Mtu anayeona uso wa mwenzake nyuma ya korti huuliza maswali kwa sauti nyingine. Huyo aliyekwenda aandike tarehe, majina ya mashahidi na neno la hakimu, kwa kuwa mshtakiwa mwenye hofu husahau. Kapenguria walichaguliwa mahali pa mbali ili watu wasione. Bungoma korti iko mjini, hatuna udhuru.

Nne, chama kitafute wakili wa kutufundisha siku moja kila mwaka, na kutuambia lini kesi yahitaji wakili hasa. Katiba yampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya Serikali pale ambapo bila wakili dhuluma kubwa ingetokea, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliwekwa kwa ajili ya wasioweza kulipa. Kwa kesi za mauaji wakili hupatikana. Kwa kesi kama zetu za bohari, mara nyingi mtu husimama peke yake. Ndiyo sababu twasema mafunzo haya ni kama ya usalama njiani. Kila mmoja apewe, hata yule anayedhani hatayahitaji.

Kwa jirani na mwenzake wa mshtakiwa tuna ombi moja dogo. Msimhukumu kantini kabla ya hakimu. Msigawane zamu zake kwa kicheko. Mpelekeeni mkewe unga, na mwulizeni tarehe ya kesi. Mtu akitoka kwa dhamana akakuta wenzake wamemgeuzia mgongo, hukata tamaa, na mtu aliyekata tamaa ndiye anayesema “ni kweli” ili yaishe.

Mkutano wa tawi ukifika, njooni na majina ya wadhamini. Anayeweza kusoma na amsomee asiyeweza ukurasa huu, na mambo yale kumi yabandikwe mahali ambapo kila zamu hupita.

Ni sisi ndugu zenu,
Wafanya kazi wa reli, Bungoma.